Mwalimu Aliyehesabu Wasiokuja

Usiniulize Mwalimu alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sijui, na yeye hakuwahi kutuambia. Ninachojua ni kwamba alinifundisha hesabu, akanitafutia kazi, akanishtaki kazini, kisha akanisamehe kwa namna yake, ambayo haikuwa na neno la msamaha hata moja. Nasema hivi: kutoka Lurambi, huku kwetu Kakamega, hadi lami inapoishia hakuna aliyejua kuhesabu kama yeye. Wengi wetu tunajua kuhesabu walio mbele yetu. Mwalimu alihesabu wasiokuja.

Na siwezi kumkumbuka bila kumkumbuka mzee mmoja wa Ekero, mpiga isukuti, zile ngoma zetu za harusi na matanga. Mzee huyo alipotea kwa kosa langu. Alipotea kwanza kwenye makaratasi, halafu akapotea kweli, na kwa miaka sikujua kama yu hai au alishazikwa na wengine. Nitafika huko. Kwanza Mwalimu.

Mchana alikuwa mtakwimu katika utafiti mkubwa wa kidonge cha presha. Jioni, saa kumi na mbili kamili ya saa yake, yaani saa moja kasorobo ya watu wengine, aliingia darasani kwetu Lurambi, kwenye shule ya watu wazima ambayo majirani waliiita gumbaru kwa dharau na sisi tukaiita gumbaru kwa fahari. Mimi nilikuwa mwendesha boda boda mwenye cheti cha darasa la nane na ndevu. Nilikaa kati ya askari jela na mchoma matofali, ambaye alilala juu ya dawati lake muda mrefu mpaka mbao zikachukua umbo la shavu.

Jioni ya kwanza alifungua daftari la mahudhurio. Lilikuwa zito kiasi cha kuua mbuzi.

"Askari yuko wapi?"

"Hayupo, Mwalimu."

"Hayupo si jibu," akasema. "Hayupo ni swali."

Akatoa kalamu tatu. Ya bluu ilikuwa ya waliokosa kwa bahati tu: mvua imebeba daraja, pikipiki imepasuka gurudumu. Ya kijani ilikuwa ya wale ambao sababu yao unaweza kuisoma katika mambo unayoyajua tayari. Askari hukosa akiwa na zamu, na zamu imebandikwa ukutani. Mama wa soko hukosa siku ya soko.

"Na nyekundu, Mwalimu?"

"Nyekundu ni ya waliokosa hesabu kwa sababu ya hesabu."

Tulicheka. Wiki chache baadaye tuliacha kucheka. Tulifanya mtihani wa majaribio, na wastani wa darasa letu ulipanda juu hata msimamizi wa shule akaja mbio akitabasamu mpaka masikio yakasogea nyuma. Alitaka kuandika kwenye ubao wa matangazo kwamba gumbaru ya Lurambi imewapita watoto wa shule za bweni.

Mwalimu akamwambia, "Ngoja kwanza. Waliokosa mtihani ni nani?"

"Si hao wachache?"

"Hao wachache ndio wasiojua hesabu. Waliogopa wakabaki nyumbani. Umepima waliojua, ukakuta wanajua. Sasa unataka tuchinje tusherehekee?"

Tangazo halikubandikwa. Yule msimamizi alimwamkia kwa mbali mwaka mzima.

Ungedhani mtu kama huyo ana maisha ya mstari mnyoofu. Wapi! Alichelewa hata kwenye sherehe aliyoandaliwa mwenyewe. Alipoteza miwani akiwa ameivaa. Na yeye aliyekataa kubahatisha kazini alipenda kubahatisha sokoni kama mcheza kamari. Alimwinua ingokho, kuku wa kienyeji, kwa miguu, akafumba macho, akatamka: "Kilo mbili. Tuseme kati ya moja na nusu na tatu."

"Mama," muuzaji akamwambia, "kwani unanunua kuku mmoja ama wawili?"

"Nanunua mmoja. Ila sijui yupi kati ya hao."

Muuzaji alitikisa kichwa. Kuku naye, nakuapia, alitikisa kichwa.

Nilipopata cheti changu cha kidato cha nne, alinishika mkono akanipeleka kwenye ofisi ya utafiti. Walitaka mtu anayejua njia zote za huko kwenye miwa, na mimi nilikuwa nimeanguka katika kila mojawapo. Nikawa mfuatiliaji. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: watu wa presha walikubali kumeza vidonge kwa miaka mitano, nusu yao kidonge kipya, nusu kile cha zamani, na hakuna aliyejua anameza kipi. Kila miezi sita walipaswa kuja kliniki kupimwa. Asiyekuja, mimi namwendea kwake na mashine ya kupima presha, fomu, na fimbo ya kupimia urefu niliyoifunga kwenye pikipiki kama mkuki.

Miaka mitano ni mirefu. Mtu anahama, anaoa, anafuata miwa inakokatwa, anagombana na shemeji yake anaondoka na godoro. Kila mwaka fomu zilikuwa na mapengo zaidi, na kila pengo lilimkaa Mwalimu kama punje ya hindi kwenye jino.

Siku moja alikuja mkubwa wa utafiti kutoka Nairobi, daktari mpole mwenye upara unaong'aa. Akapendekeza jambo lililoonekana la akili: asiyekuja, tumwandikie kipimo chake cha mwisho, tuendelee nacho mpaka mwisho wa utafiti.

Mwalimu akamtazama kichwani kwa utulivu. "Daktari, mara ya kwanza nilipokuona ulikuwa na nywele. Tuseme sikukuona tena. Niandike bado unazo?"

Daktari ndiye aliyeanza kucheka, na namheshimu kwa hilo hadi leo.

"Basi tufanye nini?" akauliza.

Mwalimu akaeleza kwa harusi, maana kwake kila kitu kilielezeka kwa kuku au kwa harusi. Hujui wageni watakuja wangapi, akasema. Usimuulize mpishi mmoja ukaamini. Uliza wapishi watano, kila mmoja peke yake, kila mmoja akitazama yale tunayoyajua: ukoo ni mkubwa kiasi gani, mvua iko, barabara ikoje. Watakupa makadirio matano. Utapika obusuma, ugali wetu, kwa kufuata katikati yao, lakini usisahau walivyotofautiana. Wakikaribiana, lala usingizi. Wakiachana sana, hiyo nayo ni habari, iandike. Alifanya hivyo kwa kompyuta, akajaza kila pengo mara nyingi kwa makadirio tofauti, na ile shaka yote akaibeba hadi kwenye jibu la mwisho. Hakuitupa njiani.

Mimi nilielewa nusu. Nusu ile nyingine ndiyo iliyoniponza.

Yule mzee wa isukuti nilimpima mwenyewe mara mbili za mwanzo. Alikuwa mfupi, mjane, mwenye vidole visivyotulia. Ulipomfunga mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa unapiga goti. Mara ya tatu sikumkuta. Nilimkuta mdogo wake na mke wa huyo mdogo, na tayari kuku alikuwa anafukuzwa nyuma ya nyumba.

"Mulembe, daktari!" mke huyo akaniita. Mimi si daktari, lakini jua lilikuwa kali na neno lilikuwa tamu.

"Mulembe. Mzee yuko?"

"Ametoka kidogo. Lakini wewe utarudi aje hivi hivi? Umetoka Kakamega yote hiyo! Hapana, hii boma haifukuzangi mgeni." Akamgeukia mumewe. "Si ukalie hicho kiti, upimwe wewe?"

"Mimi?"

"Kwani si mama mmoja, baba mmoja? Damu ni hiyo hiyo."

Mdogo mtu akakaa, akakunja mkono wa shati, akanyoosha mkono kama mtu anayetoa sadaka. Kule kwetu mgeni akirudi na fomu tupu ni kama amerudi na njaa. Aibu inabaki kwenye boma. Harufu ya kuku ikanifikia. Nikampima. Presha yake ilikuwa nzuri, nyororo kama ya malaika. Nikaandika kwenye fomu ya kaka yake.

Miezi sita baadaye, hivyo hivyo. Na tena. Mara zote nilikula vizuri.

Kisha Mwalimu akanipigia simu. "Njoo ofisini."

Alikuwa amepanga karatasi mezani. "Mshiriki wako wa Ekero. Soma urefu wake wa mwanzo."

Nikasoma.

"Soma wa sasa."

Nikasoma, nikaanza kusikia joto kwenye masikio.

"Huyu ana miaka sitini na kitu na amerefuka sentimita sita," akasema. "Wazee hupungua, kijana. Mimi mwenyewe napungua. Huyu anakulanga nini?"

"Labda ni kile kidonge, Mwalimu."

Sijui ni shetani gani aliyenisemesha. Alinitazama mpaka nikasahau jina langu.

"Basi tuachane na presha," akasema. "Tukiuze kwa wachezaji wa mpira wa kikapu."

Hakucheka. Nikakiri yote, kuanzia kiti mpaka mchuzi.

Akavua miwani. "Unajua, kuazima kipimo cha mtu anayefanana na aliyekosekana ni njia halali. Ina jina lake, na watu wenye digrii nne wanaitumia. Lakini wao wanaandika: hapa mwenyewe hakupatikana, tumeazima kwa mwenzake. Wewe umeazima ukasema ni chake."

"Nilikuwa nimekaribishwa kuku, Mwalimu. Ningekataaje?"

"Kuku ungekula. Kuku hana fomu."

Nilidhani atanificha. Alikuwa amekula chapati kwangu mara nyingi, na mtoto wangu alimwita shosho, yaani bibi. Aliandika barua kwa kamati ya utafiti mbele ya macho yangu, akanipa niisome kama kuna makosa ya herufi. Nikasimamishwa kazi miezi mitatu. Vipimo vya mdogo mtu hakuvifuta. Alivipiga mstari mmoja mwembamba, ili yeyote asome kilichokuwa pale na kwa nini kimetolewa. Halafu, uone maajabu ya mtu huyu, asubuhi iliyofuata alisimama penye stendi yetu ya boda boda, akapanda pikipiki yangu akaniambia, "Kazini," kana kwamba jana haikuwepo. Miezi yote mitatu nilimpeleka mimi kwenye ofisi iliyonifukuza.

Siku moja katikati ya safari akaniambia kwa nyuma, akipaza sauti juu ya injini: "Unajua hasara yenyewe ni ipi? Ukishaweka kitu kwenye pengo, hutafuti tena."

Hapo ndipo niliposhikika. Kwa mwaka mmoja na nusu fomu zangu zilisema mzee yupo na presha yake ni ya malaika, kwa hiyo hakuna mtu aliyemtafuta. Tulipoanza kumtafuta alikuwa ameshaondoka. Mdogo wake, kwa aibu, alisema alikwenda kwa binti yake Mumias, kisha binti akahama na mumewe, na simu haiiti. Mwalimu alikwenda mwenyewe Ekero kuiomba radhi ile boma kwa ajili ya fomu zetu. Alirudi na mafuta ya kuku kwenye kola, bila mzee.

Utafiti ulifungwa. Kidonge kipya kilionekana kizuri, wakubwa wakafurahi. Mwalimu akafanya hesabu ya mwisho, akaifanya kinyumenyume. Waliopotea walikuwa wengi zaidi upande wa kidonge kipya, na mzee wa isukuti alikuwa mmoja wao. Basi akauliza, hawa wangepaswa kuwa na hali mbaya kiasi gani ndipo jibu letu ligeuke? Wakubwa walitarajia kusikia: mbaya sana, mbaya kupita kawaida. Jibu lilikuwa: mbaya kidogo tu.

Walimwomba aipeleke habari hiyo nyuma kabisa ya ripoti, huko kusikofikwa hata na mende. Alikataa. Iliwekwa ukurasa wa kwanza, sentensi fupi: kidonge kinasaidia waliobaki, kuhusu walioondoka hatujui, na huenda waliondoka kwa sababu yake. Baada ya hapo hawakumpa utafiti mwingine. Alistaafu na kwenda kufuga kuku, ambao aliwapima kila Jumamosi na kuwaandika kwenye daftari.

Mimi nilirudi kwenye pikipiki moja kwa moja. Na kila nilipopita Ekero nilipunguza mwendo. Akilini nilimwona mzee ameanguka shambani, kidonge kimemlegeza, hakuna anayeuliza, kwa sababu mimi nilishaandika kwamba hajambo.

Desemba iliyopita yule mdogo mtu alimwoza binti yake. Akanipigia simu: "Daktari, kuja. Na ulete yule mama yako wa hesabu." Tukafika tumechelewa, kwa sababu ya miwani. Isukuti ilikuwa inapigwa mpaka mabati yanajibu. Watu wamejaa, vumbi limesimama. Nikainua macho kumtafuta mwenye ngoma kubwa, na pale, mfupi, kwapa limekumbatia ngoma, jasho likichuruzika kwenye kidevu, alikuwa yeye.

Nilishika mkono wa Mwalimu nikamwonyesha kwa kidevu. Akanitazama, akamtazama mpigaji. Alielewa mara moja.

"Ngoja amalize," akasema.

Mzee, aliyekuwa amerudi Ekero kwa ajili ya harusi hiyo, alipokuja kunywa maji tulimfuata. Alinitambua, akajaribu kujificha nyuma ya kikombe.

"Mzee," Mwalimu akamwambia, "sikuja kugomba. Nataka kujua jambo moja. Uliacha kwa nini?"

Akacheka kwa aibu. "Mama, kile kidonge chenu kinapeleka mtu choo kama amefukuzwa na nyuki. Bibi harusi anatoka nyumbani, mimi ndiye naongoza, na mimi huyo naacha ngoma nakimbilia migomba! Watu wakanipatia jina. Siwezi kukutajia, wewe ni mwalimu."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nyinyi mnakujanga na heshima hivyo, mnauliza mpaka hali ya ng'ombe. Nitaambiaje mgeni dawa yake ni mbaya? Nikaona afadhali nikose."

Nilitaka kupiga vigelegele. Yu hai! Na ripoti ilikuwa sahihi! Nilimgeukia Mwalimu nione ushindi. Haukuwepo.

"Na tangu hapo unakunywa dawa gani ya presha?"

"Dawa gani? Hakuna. Kichwa ndicho kinaumanga asubuhi, lakini si ni uzee?"

"Miaka yote hiyo?"

"Yote."

Mwalimu akakaa kwenye kiti cha plastiki cha mgeni mwingine. "Ziko dawa nyingine, Mzee. Haziwakimbizi watu migombani. Mtu angekuuliza tu, ungepewa."

Hakunitazama aliposema "mtu." Angenitazama ingekuwa rahisi zaidi.

"Jumatatu nitakuja kukuchukua," nikamwambia mzee. Akasema ana harusi nyingine. Nikamwambia nitakuja kabla ya harusi, na kama ni lazima nitambeba yeye na ngoma.

Jumatatu nilimfikisha kwenye zahanati. Muuguzi alimpima, akakunja uso, akasema imepanda, imepanda sana, ila kuna la kufanya. Akae kidogo, atampima tena kabla ya kumwandikia dawa. Nikatoka mlangoni nikampigia Mwalimu, nikamsomea namba.

"Hicho kipimo ni chake?"

"Ni chake, Mwalimu. Nimeshika mkono wake mwenyewe wakati anafungwa."

"Soma tena, polepole."

Nikasoma tena. Nilimsikia akiandika, na ninajua hakuwa na fomu yoyote ya kuandikia.

"Hiyo kelele ni nini?" akauliza.

Nikageuka. Mzee alikuwa kwenye benchi, anapiga mbao kwa vidole kumi, na mama mmoja mgonjwa kando yake ameanza kutikisa mabega.

"Ni yeye. Anangoja kupimwa mara ya pili."

"Mwambie atulie. Mkono usipopumzika kipimo kinadanganya." Nikaanza kurudi ndani, na sauti yake ikaniita sikioni. "Wewe, ngoja. Usimwambie bado. Mwache amalize wimbo."